Gari ya Kambi Kwenye Mkutano wa Chama: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Hakuna kambi wala ofisa wa kweli anayesemwa hapa, na rangi ya chama tumeiacha makusudi, maana msomaji wa Zanzibar akishaijua rangi huacha kusoma akaanza kutetea au kushambulia. Sheria, tarehe na historia vilivyotajwa ni vya kweli.

KISA CHENYEWE

Kambi ya kikosi, kaskazini ya Pemba, upande wa Wete. Zimebaki wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Alkhamisi baada ya sala ya Magharibi mkuu wa kambi anapigiwa simu kutoka wilayani. Anayepiga anamjua vizuri, hukaa naye kwenye vikao vya usalama. Anaomba gari mbili kwa Jumamosi asubuhi: "Kuna shughuli ya serikali Gombani, watu wa shehia tatu wanatakiwa wafike." Barua hakuna. Mkuu wa kambi anaitikia, kisha anampigia sajenti wa usafiri: malori mawili, saa moja asubuhi, dizeli lita 60.

Sajenti anajaza kitabu cha gari. Tarehe, namba ya gari, jina la dereva, kutoka, kwenda, kilomita za kuanzia. Kwenye safu ya madhumuni ya safari anaandika "Shughuli ya serikali". Safu ya aliyeidhinisha inataka saini ya ofisa, lakini mkuu yuko nyumbani kwake, basi sajenti anatia saini yake mwenyewe.

Jumamosi koplo anayeendesha lori la kwanza anafika alipoelekezwa na kukuta maskani ya chama, yaani baraza la wafuasi wake. Akina mama wamevaa kanga za sare, ngoma ziko tayari, na vijana wawili wameshaanza kulifunga bango ubavuni mwa gari kwa kamba ya katani, juu kidogo ya namba za kikosi. Anampigia simu sajenti.

"Afande, hawa si watu wa shughuli ya serikali. Hawa wa chama."

"Umeambiwa uchukue watu, chukua watu. Mimi nimeamriwa na wewe umeamriwa."

"Na bango je, afande?"

"We Koplo, bango linakuhusu nini? Endesha gari."

Anaendesha, na sare yake mwilini. Njiani karibu na Ole kijana mmoja anapiga picha: bango, namba za kikosi, mkono wa dereva wenye alama za ukoplo umetoka dirishani. Kabla ya Adhuhuri picha imeshafika Unguja, Dar es Salaam na Muscat. Kwenye kundi la WhatsApp la kambi, luteni wa utawala anaituma picha hiyo hiyo na kuandika chini yake: "Kambi yetu haina mchezo!" Kundi lina watu 84, na 19 kati yao si askari: wake, wastaafu, na fundi mmoja wa majokofu aliyeingizwa siku alipokuja kutengeneza friji ya mesi na hakuna aliyekumbuka kumtoa.

Saa nane mchana makao makuu wanapiga simu. Jumapili asubuhi koplo anawekwa ndani kwa kosa la kushiriki siasa akiwa na sare.

KOSA LILIANZA ALKHAMISI

Wengi wakisomewa kisa hiki huanza na picha. Wanauliza dereva alikuwa na haja gani ya kukubali bango, au kwa nini hakuvua kofia. Wanasahau kwamba gari yenyewe ilikuwa imeshatoka. Laiti vijana wangelisahau bango nyumbani, gari ya umma ingelibeba watu wa chama hadi Gombani na kurudi, na hakuna ambaye angeliuliza kitu.

Kosa lilianza Alkhamisi jioni, pale mkuu wa kambi alipopokea ombi bila kujua aliyeomba alikuwa amevaa kofia ipi. Hili ni jambo la kila siku kwetu. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya, na kwa kazi hiyo ana haki ya kuzungumza na wakuu wa vikosi usiku na mchana. Mtu huyo huyo mara nyingi ni kada wa chama na ana kiti kwenye vikao vya chama vya wilaya. Watu wa ofisi yake nao wako hivyo. Sauti ni moja, namba ya simu ni moja, na hata ukimuuliza mwenyewe huenda asiweze kukwambia wapi serikali inaishia na chama kinaanzia. Mkuu wa kambi hana uwezo wa kuzitenganisha kofia hizo kwa kusikiliza.

Ana uwezo wa kumlazimisha aliyepiga azitenganishe mwenyewe. Njia ni barua: karatasi yenye kichwa cha ofisi, namba ya kumbukumbu, tarehe, jina la shughuli, idadi ya watu, mahali pa kuwachukua, saini na muhuri. Kwa mtu aliyezoea kumaliza mambo kwa simu hii huonekana ni urasimu, tena wa kumkosea adabu. Lakini tazama inafanya nini. Anayetaka gari kwa ajili ya chama hawezi kuandika "mkutano wa kampeni" juu ya karatasi ya serikali, na akiandika "shughuli ya serikali" ameshatia saini uongo ambao ni wake peke yake. Katika kisa chetu uongo ule uliandikwa na sajenti, kwa mkono wake, kwenye kitabu cha kambi.

Ofisa mwenye busara hatasema "sikuamini". Atasema: "Sawa Mheshimiwa, nitaziandaa. Naomba barua ifike kesho kabla ya Ijumaa, maana bila hiyo sajenti hawezi kutoa mafuta." Maneno haya hayamvunjii mtu heshima. Mara nyingi barua haiji, na gari haiendi.

KATIBA INAMFUNGA NANI

Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, huku ikimbakishia haki yake ya kupiga kura. Ibara hiyo hiyo inaeleza mwanajeshi ni nani: askari wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza, au Jeshi la Kujenga Taifa, awe wa muda au wa kudumu.

Hesabu tena orodha hiyo. KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, haimo. JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, haimo, wala Valantia, wala Zimamoto na Uokozi, wala Chuo cha Mafunzo, ambacho ndicho magereza ya Zanzibar. Hizi ni Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 121, inazitaja tatu kwa jina, yaani JKU, KMKM na Chuo cha Mafunzo, na inampa Rais wa Zanzibar nafasi ya kuanzisha nyengine. Yeye ndiye Kamanda Mkuu wa idara hizo. Ulinzi na Polisi ni mambo ya Muungano, kwa hiyo mwanajeshi wa Brigedi ya Nyuki, ile ya Jeshi la Ulinzi iliyoko Zanzibar, na askari wa KMKM wanaweza kuishi mtaa mmoja, wakavaa sare zinazokaribiana kwa macho ya raia, na kila mmoja akawa chini ya sheria yake na kamanda wake. Anayeshughulikia kisa kama hiki lazima aulize kwanza: kikosi gani? Akifungua ibara ya 147 kwa askari wa idara maalum atakuwa ameshika kitabu kisicho chake. Marufuku ya huyo inatafutwa kwenye Katiba ya Zanzibar, kwenye sheria iliyounda idara yake na kwenye amri za kudumu za kikosi.

Tuseme basi koplo wetu ni wa jeshi lililotajwa katika 147. Amevunja nini? Hakujiunga na chama, kadi hana, jukwaani hakupanda. Aliendesha gari. Ukiisoma ibara kwa maneno yake yalivyo, koplo hana hatia, na sajenti na mkuu wa kambi vile vile. Aliyepiga simu hata si mwanajeshi. Watu wanne wametoka safi, na gari ya umma imekwenda mkutanoni.

Hapa ndipo tunapoiona dosari kubwa ya namna tunavyolizungumza jambo hili. Tumeshughulika sana na kadi ya chama mfukoni mwa askari, na kweli, wakati sheria ile inaandikwa kadi ndiyo iliyokuwa tatizo. Leo hakuna anayehitaji kadi ya askari. Kinachohitajika ni gari yake, mafuta yake, uwanja wa kambi, na sare yake isimame nyuma ya jukwaa.

KWA NINI HAKUNA ALIYESHTUKA

Mkuu wa kambi hakuwa mtu mbaya, wala hakuona kwamba kuna kitu cha kuona. Hilo lina chanzo chake.

Januari 20, 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Uasi ulizimwa na wanajeshi wa Uingereza, tena baada ya serikali huru kuwaomba, na aibu ile ilimkaa Mwalimu Nyerere rohoni. Jeshi likavunjwa. Jipya, JWTZ, likaundwa Septemba 1, 1964, na watu wake wa mwanzo walitafutwa zaidi miongoni mwa vijana wa TANU. Fikra ilikuwa wazi: jeshi lisilokuwa la chama ndilo lililoasi, basi hili liwe la chama. Upande wa Zanzibar hali ilikuwa hivyo hivyo, kwani Jeshi la Ukombozi lilizaliwa ndani ya mapinduzi na viongozi wake walikaa Baraza la Mapinduzi. Kila kambi ikawa na tawi la chama na kamisaa wa siasa, ofisa wa kuwafundisha askari siasa ya chama. Baada ya TANU ya bara na ASP ya Zanzibar kuungana Februari 5, 1977, CCM ilikuwa na mkoa mzima wa chama kwa ajili ya wanajeshi, ukiitwa Mkoa wa Majeshi.

Ukaja mfumo wa vyama vingi, ukaanza Julai 1, 1992. Matawi yakafungwa kambini, na Sheria ya Vyama vya Siasa, Namba 5 ya mwaka huo, ikakataza chama kufungua matawi mahali pa kazi. Maofisa waliokuwa na mguu huku na huku wakatakiwa kuchagua. Jakaya Kikwete, aliyewahi kuwa kamisaa wa siasa Monduli, alichagua siasa akastaafu akiwa Luteni Kanali. Wengine walirudisha kadi wakabaki na magwanda.

Lakini kurudisha kadi ni kazi ya asubuhi moja. Mazoea ya miaka 28, tangu 1964 hadi 1992, hayarudishwi dirishani. Ofisa aliyelelewa na ofisa aliyelelewa na kamisaa bado anasikia neno "chama" kama jina la pili la serikali. Kwake kupeleka watu Gombani si siasa. Siasa ni ile ya upande wa pili.

Na Pemba ina kumbukumbu yake. Januari 26 na 27, 2001, maandamano ya upinzani yalikutana na risasi katika miji ya kisiwa hiki, na tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Watu wengi walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Muafaka, yaani mapatano ya chama tawala na upinzani, ulitiwa saini Oktoba mwaka ule. Kwa hiyo lori la kikosi lenye bango, likipita Ole, halionwi kwa jicho lile lile linaloliona lori kama hilo likipita Morogoro. Mzee aliyekaa barazani haoni kosa la sajenti wa usafiri. Anaona jibu la swali alilokuwa nalo tangu 2001.

KOPLO ANGEFANYA NINI

Wanaofundisha askari hulijibu swali hili haraka mno: "Angekataa." Ni rahisi kusema ukiwa darasani. Sheria ya Ulinzi wa Taifa inaadhibu kutotii amri halali, na askari hafundishwi kuchambua kila amri kabla ya kuitii. Angekuwa hivyo asingekuwa askari.

Tofauti ya kushika ni kati ya amri iliyo haramu wazi na amri yenye shaka. Kuambiwa umpige mtu kwa sababu amevaa fulana ya chama fulani ni haramu wazi, na mtoto wa skuli anaijua. Hiyo hukataliwa pale pale, liwalo na liwe. Kuambiwa uendeshe gari kupeleka watu Gombani ni amri yenye shaka, kwa kuwa gari za umma hubeba watu kwa sababu halali kila wiki. Kwa amri ya namna hii dereva anabaki na hatua nne, na koplo wetu alichukua moja tu.

Aliripoti, na hilo ni sahihi. Hatua ya pili ilikuwa kuirudia amri kwa maneno yake ili aliyeitoa aisikie: "Afande, naomba nithibitishe. Unaniamuru nichukue wanachama na bango lao, kwa gari ya kikosi, nikiwa na sare?" Sajenti wengi wakisikia amri yao ikirudi kwa sura hiyo husita. Hatua ya tatu: asipositasita, koplo aombe kuzungumza na ofisa wa zamu. Hiyo si dharau. Ofisa wa zamu yupo kwa ajili ya mambo kama haya. Ya nne, vyovyote itakavyokuwa, aandike kwenye kitabu cha gari, kwenye nafasi ya maoni ya dereva: saa 1:20 asubuhi, mahali, alichokikuta, aliyempigia, aliyoambiwa. Mistari miwili inatosha.

Bango ni jambo jengine kabisa. Dereva ndiye mwenye dhamana ya gari ikiwa barabarani, na hakuna amri inayoweza kumlazimisha kufunga kitu kinachoning'inia ubavuni. Angeweza kuwaambia wale vijana, kwa upole, gari haitatoka na kamba ile. Hata kama safari ingefanyika, picha isingepatikana. Tunalitaja hili tukijua lina ubaya wake: linaficha kosa badala ya kulizuia. Kwa koplo aliye peke yake maskani saa moja asubuhi, hata hivyo, ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wake.

SAA SITA ZA MWANZO

Makao makuu walipiga simu saa nane mchana. Walichofanya kuanzia hapo ni mfano mzuri wa namna ya kuharibu.

Kwanza walimkamata koplo. Askari wa kambi nzima wakaelewa funzo: ukiripoti unakamatwa, nyamaza. Pili wakamuuliza mkuu wa kambi kwa simu, naye akajibu kwa simu, kwa hiyo hadi Jumatatu hakuna karatasi hata moja isipokuwa mashtaka ya koplo. Tatu, mtu mmoja akapendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wiki ijayo chama cha upande wa pili nacho kipewe gari mbili, "ili tuwe sawa."

Rai hii ya tatu tunaikuta mara kwa mara, na inavutia. Ikatae. Gari ya kikosi haiwi safi kwa kuazimwa na wawili. Leo utawapa vyama viwili. Vilivyosimamisha wagombea ni vingi kuliko hivyo, na kesho chama cha tano kitakuja na barua yake kikidai zamu. Na usisahau kwamba gari iliyokwenda mkutanoni haipo kambini likitokea la kutokea baharini au moto mjini Wete.

Lililotakiwa lilikuwa dogo na la haraka. Gari zirudi, bango liondolewe, abiria watafutiwe daladala za kuwarudisha, kwani wale akina mama hawana kosa na si adabu kuwaacha Gombani. Ukurasa wa kitabu cha gari upigwe picha kabla ya kitabu kuguswa na yeyote, kisha kitabu kifungiwe kwa ofisa asiyehusika. Maelezo yachukuliwe siku hiyo hiyo kwa kufuata ngazi kutoka juu: mkuu wa kambi, sajenti, madereva wawili, luteni. Ukianza na dereva, walio juu watakuwa na muda wa kuyapanga yao. Kabla ya usiku litoke tamko la sentensi tatu: gari za kikosi zimetumika kwenye shughuli ya chama, haikuruhusiwa kufanyika, uchunguzi umeanza na matokeo yatatolewa tarehe fulani. Tarehe itajwe. Tamko linaloanza na "picha hiyo imetengenezwa" limewahi kuonekana sehemu nyingi duniani, na hudumu mpaka picha ya pili itoke.

KUNDI LA WHATSAPP

Watu hulichukulia neno la luteni kama mzaha, na yeye mwenyewe alijitetea hivyo. Kwetu sisi ndilo kosa la wazi kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu halina amri nyuma yake. Luteni hakulazimishwa. Ni ofisa, yumo kwenye kundi lenye walio chini yake, na amewaambia kambi iko upande gani.

Kanuni za Marekani kwa wanajeshi wake, zilizo kwenye agizo namba 1344.10 la wizara ya ulinzi, zimefika mahali pa kusema kwamba askari anaweza kubandika stika ndogo ya mgombea kwenye gari yake binafsi, lakini si bango kubwa. Anaweza kuhudhuria mkutano akiwa mtazamaji, lakini si akiwa na sare. Mtu anaweza kucheka kuona jeshi kubwa vile likipima ukubwa wa stika. Lakini askari wao anajua mstari uko wapi, na wetu anakisia.

Kwa kundi la kambi mstari unaweza kuandikwa kwa dakika kumi na kubandikwa juu ya kundi. Kundi la kazi libaki na askari wa kazi peke yao. Wake, wastaafu na fundi wa majokofu wawe na kundi jengine. Picha, wimbo, kauli mbiu au habari ya chama chochote isitumwe, na anayesimamia aifute na kumwita aliyetuma ana kwa ana, hata akiwa amemzidi cheo. Hapo penye cheo ndipo kanuni hufia, kwa hiyo msimamizi asiwe koplo wa mawasiliano. Awe ofisa wa pili wa kambi.

KURA YA ASKARI

Askari ana kura, na hakuna ubaya. Ugumu ni kwamba majimbo yetu ni madogo. Visiwa vyote vina majimbo 50, na mwaka 1995 urais wa Zanzibar uliamuliwa kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706, tofauti ya 1,565. Kwa hesabu za namna hiyo kambi chache zinatosha, na ndiyo maana malalamiko kuhusu askari kuandikishwa karibu na kambi hayaishi. Tangu Sheria ya Uchaguzi Namba 4 ya 2018 kuna pia kura ya mapema, ambapo askari wa zamu na watendaji wa uchaguzi hupiga siku moja kabla ya wengine. Ilitumika 2020 na 2025, na upinzani uliipinga.

Sababu ya kiutendaji ya kura hiyo inaeleweka: anayelinda kituo hawezi kuwa kwenye foleni. Cha kuangaliwa ni kura za askari zisije zikahesabiwa peke yake kwa namna itakayomwezesha kamanda kujua kambi yake imepigaje. Kamanda akishajua, mwaka unaofuata atahimiza. Na askari akijua kwamba kamanda atajua, siri ya kura imekwisha kabla hajaingia kituoni. Nje ya hapo kambi isihusike na lolote: mkuu asipange zamu za kwenda kupiga kura, asikusanye vitambulisho "ili visipotee", asiulize nani hajaenda.

LITA 24

Turudi kwenye kitabu cha gari, kwa sababu humo ndimo kisa hiki kinamofunguka.

Kutoka maeneo ya Wete hadi Gombani, Chake Chake, ni kiasi cha kilomita 30. Kwenda na kurudi ni 60. Ongeza 10 za kuzunguka kukusanya watu, inakuwa 70. Lori lililojaa watu, kwa barabara yenye vilima kama ya Pemba, tulikadirie kilomita 4 kwa lita. Hiyo ni lita 17 na nusu, tuseme 18. Kwa gari mbili ni 36. Zilitolewa 60. Zimebaki 24.

Labda zimo kwenye matangi. Hilo linajulikana kwa kijiti cha kupimia, Jumatatu asubuhi, mbele ya mashahidi wawili. Kama hazimo, huenda ziliingia kwenye gari ya aliyepiga simu, au kwenye madumu. Kilomita za kurudi zilizoandikwa zilinganishwe na kilichomo kwenye dashibodi, na stoo ya mafuta itoe hati yake ya Ijumaa. Kazi yote hii haimtaki mtu ataje chama.

Uzuri wake ndio huo. Tulikwishaona kwamba ibara ya 147 iliwaacha watu wanne watoke safi. Kanuni za fedha na mali za umma haziwaachi. Aliyetia saini asiyeruhusiwa ana la kujibu. Aliyeidhinisha mafuta bila hati naye analo. Aliyeomba gari ya umma kwa kazi isiyo ya umma, awe raia awe nani, amefika kwenye milki ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kutoka hapo mpaka kwa ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar, si mbali. Mkaguzi hamuulizi mtu anaipenda rangi gani. Anauliza dizeli iko wapi, na swali hilo askari wa vyama vyote, na wasio na chama, wanaliona la haki.

Kwa hiyo tungeshauri mashtaka ya koplo yafutwe, na maelezo yake yawe hati ya kwanza kwenye jalada. Sajenti apewe onyo la maandishi kwa kutia saini mahali pa ofisa. Luteni aondolewe kazi za utawala mpaka uchaguzi upite. Mkuu wa kambi ajibu mwenyewe, kwa maandishi, alipokea ombi kutoka kwa nani, saa ngapi, na kwa nini hakutaka barua. Na kwenye kitabu cha gari iongezwe safu moja baada ya ile ya madhumuni: namba ya barua ya ombi. Safu ikiwa tupu, stoo isifungue bomba.